Namna ya Kucheza Gemu ya Zimamoto Watu Wanne Bila Kugombania Mpira

Mara ya kwanza sisi wanne tulipofika kwenye nyumba inayoungua, kila mmoja wetu alikimbilia mpira wa maji, na hakuna aliyekumbuka kufungua maji kwenye gari. Tulisimama mlangoni na mipira mikavu, tukiitana majina kwenye hedifoni, hadi paa likashuka. Nyumba yenyewe ilikuwa ya ndani ya kompyuta, katika mji wa Kimarekani, na sisi tulikuwa Tanga, wawili Chumbageni, mmoja Makorora na mmoja Ngamiani. Tangu siku hiyo tumecheza karibu kila Jumamosi usiku. Ninaandika mwongozo huu kwa sababu nimeona vijana wa hapa mjini wakiinunua gemu hii kwa hamu, wakishindwa kazi mbili tatu za mwanzo na kuiacha, ilhali kilichowakwamisha si ugumu wa gemu, bali ni kwamba hawakukubaliana mapema maneno ya kuambiana.

Gemu ninayoizungumzia zaidi ni Firefighting Simulator – The Squad, iliyotolewa kwa kompyuta mwaka 2020 na kampuni ya Ujerumani iitwayo astragon Entertainment. Wachezaji hadi wanne huingia katika kazi moja kwa njia ya intaneti, kila mmoja akiwa askari mmoja wa kikosi. Ukicheza peke yako, askari watatu waliobaki huendeshwa na kompyuta, nawe huwapa amri. Magari yake yameigwa kutoka kwa yale ya Rosenbauer, kampuni ya Austria iliyoanzishwa mwaka 1866. Mwaka 2025 ikafuata Firefighting Simulator: Ignite, ambayo nayo huchezwa na watu hadi wanne. Mengi nitakayoeleza yanafaa kwa zote mbili, na hata kwa gemu nyingine za aina hiyo, kwa kuwa yanatokana na tabia ya moto wenyewe.

Kuhusu vifaa sitakaa sana. Kila mchezaji anahitaji kompyuta yake na nakala yake ya gemu. Someni mahitaji ya kompyuta kwenye ukurasa wa gemu kabla ya kulipa, hasa upande wa kadi ya picha, maana kompyuta mpakato nyingi za kazi za ofisi haziwezi kuchora moshi mzito bila kuganda. Anayefungua kazi na kuwaalika wenzake awe yule mwenye intaneti tulivu na betri ya akiba, kwa sababu umeme hauulizi kama mko katikati ya kuokoa mtu. Hedifoni yenye maikrofoni si anasa: spika ya wazi hurudisha sauti za wenzako kwenye maikrofoni yako, na mwangwi ukianza hakuna amri inayosikika.

Gaweni kazi kabla ya kengele

Sisi tumegawa kazi hivi, na baada ya kujaribu njia nyingine tumerudi hapa hapa. Mmoja ni kamanda, mmoja ni mtu wa gari, na wawili ni watu wa ndani. Majina hayo mnaweza kuyabadilisha, ila msibadilishe ukweli kwamba katika dakika mbili za mwanzo kamanda hashiki mpira. Kazi yake ni kulizunguka jengo lote kwa miguu, pande zote nne, na kuwaambia wenzake alichokiona: moshi unatokea wapi, milango iko mingapi, nani anapunga mkono dirishani, sanduku la umeme liko ukuta gani. Wachezaji wapya huona hiyo ni kupoteza muda. Ninawaomba wajaribu mara moja tu kuingia wakijua moto uko chumba gani, kisha walinganishe na siku walizoingia wakiutafuta kwa kupapasa.

Mtu wa gari ndiye anayedharauliwa kuliko wote, na ndiye anayebeba uhai wa wenzake. Hesabu yake inaeleweka vizuri tukitumia vipimo vya magari halisi. Magari mengi ya Kimarekani ya kazi hii hubeba galoni 500 hadi 1,000 za maji, na galoni moja ya Marekani ni karibu lita 3.8. Tuchukue gari lenye galoni 750, yaani kama lita 2,800. Mpira mmoja wa kushambulia moto wa nyumba hutoa kama galoni 150 kwa dakika, ambazo ni karibu lita 570. Ukigawanya, unapata dakika tano. Mkifungua mipira miwili kwa pamoja, mna dakika mbili na nusu, na hizo ni chache kuliko muda wa kupanda hadi juu, kumpata mtu na kushuka naye. Kwa hiyo, hata pale gemu inapowahurumia kuliko gari halisi, mtu wa gari ajizoeze kuunganisha gari na haidranti, yaani bomba la maji ya zimamoto lililoko barabarani, mapema, kabla hajaulizwa, kisha aseme kwa sauti kwamba sasa maji ni ya barabara. Maneno hayo matatu, "maji ya barabara," huwabadilisha watu wa ndani. Utawasikia hata pumzi zao zikitulia.

Watu wa ndani ni wawili na hawaachani. Mmoja anashika mpira, mwenzake anashika shoka na kufungua milango, na mmoja akitoka, wote wawili wanatoka. Sheria hii haina msamaha kwetu, kwa sababu kila mara tuliyompoteza askari, alikuwa peke yake chumbani na hakuna aliyejua ni chumba gani.

Maneno

Sasa nimefika kwenye jambo lenyewe. Maandishi ya gemu hayako kwa Kiswahili, na hilo huwafanya wachezaji wetu wachanganye maneno ya skrini na ya mdomoni, huyu akisema hivi na yule vile. Usiku mmoja mwenzetu wa ndani alipiga kelele, "Funga!" akimaanisha mlango, kwa sababu moshi ulikuwa unaanza kuzunguka darini. Mtu wa gari alisikia "Funga!" akafunga maji. Mpira ulilegea mkononi mwa mtu aliyepiga magoti mbele ya moto, na sekunde kumi baadaye hatukuwa na mtu wa ndani. Hakuna aliyekosea kutii. Lililokosea ni neno. Toka hapo mlango "unafungwa" na maji "yanakatwa", na kitenzi kimoja hakifanyi kazi mbili.

Maneno "huku", "pale" na "kule" yaondoeni kabisa. Ana kwa ana tunayaelewa kwa sababu tunaona mkono na macho ya msemaji, lakini kwenye hedifoni hayana mkono wala macho. Zimamoto wa Marekani huzipa pande za jengo herufi, wakianza na upande wa barabara na kuzunguka kwa mwendo wa saa. Sisi tuliona hatuhitaji herufi za kukariri, kwa kuwa Kiswahili cha nyumba zetu kina maneno yake tayari. Upande wa mbele tunauita barazani, na wa nyuma tunauita uani. Hakuna mtoto wa Tanga anayechanganya baraza na ua, hata nyumba iliyo kwenye skrini iwe ya Kimarekani isiyo na kimojawapo. Pande mbili zilizobaki ni kushoto na kulia, kwa sharti kwamba ni kushoto na kulia kwa mtu aliyesimama barabarani akiitazama nyumba, hata kama wewe umeingia kwa uani na mkono wako unakwambia vingine.

Vyumba tunavihesabu kuanzia mlango wa barazani: mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ni mazoea yale yale ya Ngamiani, ambako mtu huelekezwa kwa namba ya barabara na akafika. Kuhusu ghorofa kuna mtego unaostahili kuangaliwa. Kwa Mmarekani, ghorofa ya kwanza ni ile iliyo chini kabisa, usawa wa barabara, na anayoiita ya pili ndiyo sisi tunaiita ya kwanza. Maelezo ya kazi yakisema mtu amenaswa ghorofa ya tatu, nanyi mkahesabu Kiswahili, mtapanda ghorofa moja zaidi ya alipo. Kamanda anaposoma maelezo hayo, ayageuze palepale na kutangaza kwa hesabu ya kwetu: chini, ya kwanza, ya pili.

Liko na suala la adabu, na silichukulii kama dogo. Mtu wetu wa gari ni mjomba wangu, mtu mzima aliyefanya kazi bandarini miaka mingi, na kamanda wetu ni kijana wa kidato cha sita. Mwanzoni kijana huyo alikuwa akisema, "Mjomba, samahani, naomba kama inawezekana ukate maji kidogo," na sentensi hiyo ilikuwa ndefu kuliko muda tulio nao. Mjomba mwenyewe ndiye aliyelimaliza. Alisema shikamoo na naomba zikae kabla ya kengele na baada ya kazi; kengele ikishalia, kamanda ni kamanda, na amri iwe na maneno mawili au matatu. Sasa kijana husema, "Gari, kata maji," na mjomba hujibu, "Gari, maji yamekatwa." Angalieni pia hilo jibu: anayepokea amri huirudia kama jambo lililokwisha kutendwa, na asiporudia, kamanda ahesabu kwamba hakusikika. Vikundi vyenye mtu mzima na vijana vizungumze suala hili waziwazi siku ya kwanza, kwa maana heshima isiyozungumzwa hugeuka ukimya, na ukimya ndani ya moto haufai.

Usomeni moshi kabla ya kugusa mlango

Moto unahitaji vitu vitatu: kitu cha kuungua, joto na hewa. Katika nyumba iliyofungwa, kinachopungua kwanza ni hewa. Moto unafifia, ndimi zinatoweka, mgeni anadhani umezimika wenyewe, kumbe chumba kimejaa moshi wa moto sana ambao wenyewe ni kitu cha kuungua na unasubiri hewa tu. Mkifungua mlango mnaipeleka hewa hiyo, na chumba kinalipuka kuelekea kwenu. Dalili zake ni hizi: hakuna mwali unaoonekana, kioo cha dirisha kimepakaa rangi ya kahawia au nyeusi kwa ndani, na moshi unasukumwa nje kwenye nyufa za mlango kisha unavutwa ndani tena, kama kifua cha mtu anayehema. Nilipouona moshi huo kwa mara ya kwanza kwenye skrini, ukichungulia chini ya mlango na kurudi, nilisimamisha mkono kabla sijajua kwa nini.

Mkiuona, kamanda atamke, "Unahema," na kila mtu ajue kwamba mlango haufunguliwi. Utafuteni kwanza upenyo wa juu, dirisha la juu au paa, ili joto na moshi vitoke kwa juu, na mpira uwe umejaa maji mbele ya mlango kabla ya shoka kuinuliwa. Wakati wa kufungua, simameni ubavuni mwa mlango, msisimame mbele yake.

Hatari ya pili ni tofauti na ya kwanza, ingawa wengi huzichanganya. Hapa hewa ipo na moto unawaka wazi, lakini joto linajikusanya darini hadi kila kitu chumbani, makochi, mapazia, zulia, kinashika moto kwa wakati mmoja. Kwa moto halisi hali hiyo huja joto la darini likikaribia nyuzi 600 za Selsiasi. Dalili ni tabaka la moshi linaloshuka na ndimi zinazotambaa juu ya vichwa vyenu. Msiendelee mbele. Rusheni maji mafupi mafupi kwenye moshi ulio darini ili kuupoza, huku mkirudi mlangoni mmeinama. Msimwage maji mengi kwa mtawanyo mpana ndani ya chumba kidogo chenye watu, kwa kuwa maji yakigeuka mvuke hutanuka karibu mara 1,700, na mvuke huo utawafikia nyinyi na mnayemwokoa.

Sisi watu wa pwani tuna kosa letu la pekee. Tumekulia katika nyumba za matofali ya saruji, au za mawe kama majengo ya zamani ya mjini, na tumezoea kuuamini ukuta. Nyumba nyingi za kuishi za Marekani zimejengwa kwa fremu za mbao zilizofunikwa bodi za jasi (jipsam), kwa hiyo moto hupita ndani ya ukuta wenyewe na kutokea chumba kingine, na sakafu ya juu inaweza kukatika chini ya miguu. Mkishauzima moto wa chumba kimoja, pasueni ukuta uliopakana nacho kwa shoka na kuutazama kabla ya kutangaza kwamba kazi imekwisha.

Mafuta, umeme na gesi

Si kila moto unataka maji, na gemu za aina hii huwaadhibu wanaosahau. Yeyote aliyewahi kusimama karibu na karai la mihogo ya kukaanga kule Raskazone anajua tone moja la maji linavyorusha mafuta. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo huzama, yanageuka mvuke huko chini na kuyatupa mafuta yanayowaka juu na pembeni. Jikoni tumieni kizimamoto cha mkono kinachofaa mafuta, na aliye na mpira asubiri nje ya mlango. Haya ni ya kweli hata nyumbani, ambako sufuria ya mafuta inayowaka hufunikwa na jiko likazimwa. Na moto ukiwazidi, tokeni na kupiga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, badala ya kujaribu mliyoyazoea kwenye skrini, kwa sababu gemu haina moshi unaoingia kwenye mapafu.

Kwa umeme, kamanda aliyezunguka jengo vizuri ameshaliona sanduku. Mtu wa gari alizime kabla watu wa ndani hawajafika kwenye cheche. Mitungi ya gesi ipozwe kwa maji kutoka mbali, mkiwa nyuma ya ukuta au gari, na mtungi ukianza kuvuma msiukaribie tena.

Kuokoa watu

Mtu wa kuokolewa hutangulia moto, lakini hilo halimaanishi kumkimbilia bila maji. Watu wa ndani waingie na mkono mmoja ukutani, wa kulia au wa kushoto, na wasiubadilishe hadi watoke, ili ukuta wenyewe uwarudishe mlangoni hata moshi ukiziba macho. Kila chumba kikishapekuliwa, kitajwe: "Mlango wa pili, mtupu," kisha mlango ufungwe, maana mlango uliofungwa huchelewesha moto kwa dakika zinazotosha kwa chumba kinachofuata. Mkimpata mtu, semeni mko wapi na mtatokea upande gani, ili kamanda awaambie kama upande huo bado una njia. Mwenye mpira hutangulia mbele ya anayebeba. Tulijaribu kinyume chake, na mbebaji aliishiwa nguvu mbele ya mlango uliokuwa umeshika moto tulipokuwa ndani.

Baada ya kila kazi tunazima gemu kwa dakika kama tano na kuzungumza, tumeshinda au tumeshindwa. Swali ni moja: ni neno gani ulilisikia usilielewe? Hatuulizi nani alikosea, kwa sababu tukiuliza hivyo watu hujitetea na neno bovu hubaki palepale. Jumamosi iliyopita neno lilikuwa "ngazi". Mwenzetu alisema, "Niko kwenye ngazi," tukapeleka ngazi ndefu ya gari kwenye dirisha la ghorofa ya kwanza upande wa uani na kumsubiri huko, kumbe yeye alikuwa amekaa ndani, kwenye ngazi za nyumba, na mtoto mgongoni. Tulibishana kidogo, mjomba akakata shauri. Ya gari inabaki ngazi, za ndani ya nyumba zinaitwa vidato, na karatasi iliyobandikwa pembeni mwa skrini ya kila mmoja imeongezwa mstari huo.